Jembe la Pembe Mbili

Jembe lilivunjika siku ya saba, katikati ya tuta la kumi na moja. Halikulia wala halikukwaruza. Kashindye alilishusha ardhini, akalivuta, mpini ukaja mwepesi mikononi mwake, na bamba la chuma likabaki limesimama kwenye udongo mweusi. Aliliinamia. Shingo ilikuwa imekatika pale inapoingia kwenye mpini, na ndani ya mkato chuma kilikuwa cha kijivu, cha chembechembe, kama uji wa mtama uliopoa.

Akakaa kitako juu ya tuta. Bado wiki mbili bwana shamba aje na kamba yake ya kupimia. Hatua sabini kwa sabini, kila nyumba, pamba tupu. Ndivyo mtemi alivyoagizwa, naye ndivyo alivyoagiza. Penye pungufu, mume anakwenda kuponda kokoto za barabara ya Musoma, na shamba linapewa mwenye mikono. Na hili la Kashindye halikuwa shamba la hivi hivi. Lilikuwa la mtoni, lenye udongo unaoshika maji hata Agosti. Alikabidhiwa na mama mkwe wake mwaka yeye alipomzaa mwanawe Nkwabi, na Nkwabi sasa alikuwa vitani, katika nchi ambayo hakuna mtu pale kijijini aliyeweza kuitamka.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye mteremko wa changarawe, mke mwenzake alikuwa akilima. Nki. Nki. Nki. Kila jembe la Holo liliposhuka lilitoa sauti safi, na kila lilipopanda lilibaki likiimba kidogo hewani. Holo hata hakusimama kupangusa jasho. Mtoto mgongoni, kitambaa kichwani, anakwenda na matuta yake kama anayefukuzia ngoma.

Kashindye alimwonea wivu. Hakujificha nyuma ya neno jingine. Alimwonea wivu kwa mikono yake, kwa mtoto wake aliyekuwa bado mgongoni na si vitani, na zaidi ya yote kwa ile sauti. Ilimwingia masikioni, akatamani jembe lile lizame ardhini na lisitoke tena.

Kwa maana majembe yote mawili yalinunuliwa siku moja, duka moja, na aliyechagua kwanza alikuwa yeye.

Mume wao, Ngosha, alikuwa mtu wa sawa kwa sawa. Kaniki mbili, vyungu viwili, mabonge mawili ya chumvi. Hakutaka maneno. Na vitu viwili vikishawekwa chini, mke mkubwa huchagua kwanza, mdogo huchukua kinachobaki. Ndiyo desturi, na kwa miaka saba tangu Holo aletwe, Kashindye hakuwahi kuiacha ipite hata kwa bonge la chumvi. Alikuwa akichukua muda wake. Alikuwa akigeuza hiki, akigeuza kile, huku Holo amesimama pembeni na macho yake chini. Utamu wa kuwa mke mkubwa ulikuwa hapo, wala haukuwa mahali pengine.

Sasa, kwa Wasukuma jembe halinunuliwi kwa macho. Unalining'iniza kwa kidole, unaligonga kwa jiwe dogo, unatega sikio. Jembe zima huimba; jembe bovu hukohoa. Lakini Mansukh, mwenye duka la Igoma, alikuwa amepiga marufuku. Watu wanamchubulia rangi, alisema, halafu wanaondoka bila kununua. Juu ya meza yake alitundika ubao, akamweka mtu auandike kwa chokaa, na kwa wasiojua kusoma alikuwa akiwatangazia mwenyewe: "Ukigonga, umenunua." Basi watu wakaacha kugonga.

Siku ile Kashindye aliwekewa majembe mawili mbele yake, meusi, yanayong'aa, kila moja limepigwa chapa ya kichwa cha ng'ombe. La kwanza lilikuwa na pembe mbili zilizosimama vizuri. La pili pembe ya kushoto ilikuwa imefutika, kama ng'ombe aliyepigana. Na Kashindye, binti wa watu wa ng'ombe, alichagua jembe kama anavyochagua mtamba. Alichukua lenye pembe mbili. Holo akachukua lenye pembe moja, akashukuru.

Njiani kurudi, Kashindye alikuwa amecheka kidogo.

*

Ngosha aliviangalia vile vipande viwili kwa muda mrefu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ulichagua mwenyewe, Mama Nkwabi," alisema.

"Nilichagua kwa macho. Tumekatazwa masikio."

"Mwenzio naye alichukua kwa macho. Tena alichukua makombo yako. Lake mbona linalima?"

"Sijui."

"Mimi kokoto siendi," alisema Ngosha. Alikuwa amekwenda mwaka juzi, miezi miwili, na dole gumba la mkono wa kushoto halikurudi kukunjika. "Lile shamba la mtoni likipungua hata hatua tano, nampa Holo alimalize. Na desturi unaijua. Anayelima ndiye anayevuna."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaja siku ya mnada. Kashindye aliviokota vipande vyake akavifunga kwenye kitambaa.

Kesho yake alianzia kwa Chenge, mfua vyuma. Mzee huyo alikuwa wa ukoo wa watu waliokuwa wakiyeyusha chuma upande wa pili wa ziwa, wakivukia Kamanga na mitumbwi iliyojaa majembe, enzi ambazo jembe lilikuwa kitu cha kuolea. Sasa alikuwa akiziba sufuria. Alikishika kipande cha bamba, akakigonga mara moja kwa kucha, akakicheka.

"Hiki hakikufuliwa, binti yangu. Kimemiminwa kwenye kibati kama mtu anayemimina uji. Nikikiweka motoni kikapata nyundo, kitasambaratika."

"Hata kukiunga tu?"

"Kuunga? Chuma huungwa na chuma."

"Basi nifulie jipya, baba."

Chenge alimwonyesha mvukuto wake. Ngozi ilikuwa imepasuka, na ndani yake kuku alikuwa ameatamia mayai. "Nani ataniletea mkaa na mawe ya chuma, wakati majembe ya dukani yako pale yanang'aa? Wana wangu wote wako kwenye pamba. Nenda umrudishie aliyekuuzia. Mtu hurudisha hata mke, sembuse jembe."

*

Alifika Igoma jua likiwa kichwani. Duka la Mansukh lilikuwa la bati, kando ya barabara, na siku hizo za vita rafu zake zilikuwa na nafasi nyingi kuliko bidhaa. Kibiriti kiliuzwa kwa njiti. Mansukh mwenyewe alikaa nyuma ya meza, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja.

Kashindye alipiga goti kidogo, akasalimu. "Mwadila, Bwana Mansukh."

"Mwadila, mama. Karibu. Wewe nataka nini?"

Akafungua kitambaa, akaviweka vipande mezani. Mansukh hakuvigusa.

"Limevunjika," alisema Kashindye.

"Naona."

"Siku saba tu."

"Umepiga jiwe."

"Shamba langu ni la mtoni. Hakuna jiwe hata la kusugulia mguu."

"Basi umepiga mzizi. Jembe hapana vunjika bure." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Mama, mimi nauliza wewe. Nani nachagua hii jembe? Mimi nasema chukua hii, acha ile?"

"Hapana. Nilichagua mimi. Lakini ulinikataza kugonga."

"Mimi nakataza gonga. Mimi hapana kataza angalia. Wewe naangalia sana, nageuza, nageuza, mpaka watu nyuma nachoka. Mimi nakumbuka. Nachagua mwenyewe. Sasa duka iko na kosa gani?"

Kabla Kashindye hajajibu, baiskeli ikasimama mlangoni. Aliyeingia alikuwa Venant, karani wa baraza, na soksi zake nyeupe zilizovutwa hadi magotini. Hakumsalimu mtu. "Mwanangwa ametaka jembe," alisema. Mwanangwa ndiye mkuu wa kijiji chao, Luhaga, mtu wa mtemi.

Mansukh aliinuka mara moja. Hakunyosha mkono kwenye rundo lililokuwa mbele. Alikwenda stoo, ikasikika mbao ya sanduku ikibanduliwa, akarudi na jembe lililofungwa majani makavu na kupakwa mafuta. Venant alilifungua. Akalining'iniza kwa kidole. Akatoa spana ya baiskeli mfukoni, akaligonga katikati ya bamba.

Likaimba. Liliimba mpaka Mansukh akawa ameshakaa, ameshavaa miwani, na bado likawa linaimba. Kashindye alisimama na vipande vyake mbele yake, akasikiliza kila punje ya sauti ile, wivu ukamjaa mpaka mate yakamchachuka mdomoni. Kumbe ya kuimba yapo. Yapo hapo hapo, nyuma ya ukuta wa bati, hatua nne kutoka aliposimama siku ile akigeuza na kugeuza.

"Mpe mwanangwa salamu yangu," alisema Mansukh, na hilo ndilo lililokuwa malipo. Venant akalifunga jembe kwenye kiti cha nyuma, akaondoka.

"Mbona yeye amegonga?" Kashindye aliuliza.

"Yule karani."

"Karani ana sikio, mimi sina?"

Mansukh alivua miwani tena, akaifuta.

"Nipe nami moja la ndani. Nitaongeza kuku. Nitaongeza kuku wawili."

Mansukh alitazama barabarani, kushoto na kulia, akaishusha sauti. "Mama, sikia. Mjini iko tajiri ya jumla. Yeye napa mimi sanduku moja nzuri, sanduku nne ya hii." Akaligusa rundo la mbele kwa kidole kimoja, kama kitu chenye ukoma. "Mimi nikisema hii sitaki, yeye nasema haya, basi hapana sukari, hapana mafuta taa, hapana kaniki. Mimi nauza nini? Nakula bati? Na ile nzuri ni ya wakubwa. Wakubwa wakikosa, kesho nauliza leseni yangu iko wapi." Akavisukuma vipande kwake, polepole, kama anayemrudishia mtu chenji. "Nenda baraza. Sema kwa mwanangwa. Yeye nasema rudisha, mimi narudisha. Mimi peke yangu siwezi."

*

Baraza lilikaa Ijumaa, ndani ya nyumba ya tofali mbichi. Luhaga alikuwa na kiti cha mikono, Venant meza, na watu wengine wote sakafu. Kashindye alisubiri kesi ya mbwa na kesi ya mpaka. Alipoitwa alivitandaza vipande vyake, akaeleza yote kwa utaratibu: siku saba, udongo wa mtoni, kauli ya Chenge, kukatazwa kugonga.

Luhaga alisikiliza akijikuna kidevu. Hakuwa mtu mkorofi. Aliuliza maswali ya mtu mwenye akili.

"Siku ile mlinunua majembe mangapi?"

"Mawili, mwanangwa."

"La pili analo nani?"

"Mke mwenzangu."

"Zima?"

Kashindye alivipanga upya vipande vyake. "Zima."

"Holo!" Luhaga alimwita kutoka nyuma alikokaa na wanawake. "Nenda kalilete jembe lako."

Wakangoja. Holo alirudi akihema, mtoto akirukaruka mgongoni, akaliweka jembe sakafuni kando ya vile vipande. Lilikuwa zima kuanzia ncha hadi mkia. Jeusi, linang'aa, rangi yake imeshika hadi shingoni, ng'ombe wake wa pembe moja akiwatazama watu wote. Kashindye hakuweza kuliondolea macho. Wiki mbili limelima, na tazama lilivyo. Tazama! Alitamani kulishika na alitamani kulitemea mate.

"Holo, jembe hili umelinunua wapi?" Luhaga aliuliza.

"Kwa Mansukh."

"Linakusumbua?"

Holo aliangalia sakafu. "Halijanisumbua, mwanangwa."

"Haya. Duka moja, siku moja, rundo moja. Moja zima, moja limevunjika. Basi ubaya si wa duka. Ubaya ni wa mkono." Watu wakaguna kukubali. "Tena nasikia wewe ndiye uliyechagua kwanza. Ulichagua mwenyewe, mama. Unamdai nani?"

Hapo angeinuka akaenda zake, na mambo yangeishia hapo. Lakini macho yake bado yalikuwa juu ya lile jembe jeusi, na kifua kilikuwa kinamwaka.

"Mwanangwa, lako lilitoka stoo," alisema. "Nililiona kwa macho yangu. Karani aligonga na hakuambiwa amenunua. Liliimba. Kwa nini yale ya kuimba hayakai mbele?"

Kalamu ya Venant ilisimama.

"Unanihesabia majembe, we mwanamke?" Luhaga aliuliza taratibu.

"Nauliza tu."

"Umekwenda dukani kurudisha jembe au kupeleleza watu?" Hakungoja jibu. Alimgeukia Venant. "Andika. Shauri limekwisha, duka halina kosa. Na huyu shamba lake likaguliwe la kwanza."

*

Jumapili Holo alikwenda mtoni na ndoo. Kashindye alimtazama mpaka akapotelea kwenye mashina ya mtama wa mwaka jana, kisha akaingia nyumbani kwa Holo na kunyosha mkono juu ya dari, pale mpini ulipokuwa unachungulia.

Alikuwa na mpango, na haukuwa wizi. Angelipeleka kwenye jabali lililo nyuma ya zizi, aligonge, asikie. Kama linaimba, basi angekubali kwamba yeye ni mtu wa bahati mbaya na mkono mbaya, akae kimya. Kama halikuimba angejua la kufanya. Kwa nini lakini alitembea mbio? Kwa nini alipokuwa akilibeba alilishika shingoni, kama mtu anavyomshika kuku?

Aliokota jiwe. Akaligonga.

Likakohoa.

Akaligonga tena, juu, chini, pembeni. Sauti ya chungu chenye ufa, ile ile aliyoisikia kwa Chenge. Na hapo ndipo alipolitazama kwa mara ya kwanza bila wivu, akaona kitu ambacho mkulima yeyote angekiona tangu barazani. Rangi. Jembe linalolima halikai na rangi hata siku tatu. Udongo hulilamba likabaki jeupe. Hili halikuwa limegusa ardhi. Kwenye mkia, pale lilipoingia mpinini, palikuwa bado na unyuzi wa karatasi ya dukani.

Kitu kikampanda kichwani, furaha au hasira, vyote viwili vilikuwa na moto ule ule. Alilinyanyua kwa mikono miwili akalishusha juu ya jabali. Pigo la kwanza lilichubua. La pili likakata shingo. Bamba lilirukia kwenye majani, na ndani ya mkato akaiona rangi ya kijivu, chembechembe, uji uliopoa.

"Hata lako!" alipiga kelele. "Hata lako! Hata lako!"

Alipogeuka, Holo alikuwa amesimama na ndoo kichwani. Nyuma yake walikuwa wanakuja majirani waliosikia kelele.

"Hukulilimia," Kashindye alisema, akihema. "Siku zote hizi hukulilimia."

"Sikulilimia," alisema Holo. Akaitua ndoo taratibu. "Siku ile tuliyorudi dukani sikuiamini rangi yake, nikaligonga langu nikiwa peke yangu. Nikasikia. Nikaliweka darini. Nalimia la mama yangu, lile nililokuja nalo, lililofuliwa na watu wa Chenge."

"Na barazani? Umeulizwa mbele ya watu!"

"Niliulizwa kama linanisumbua. Halijanisumbua."

"Holo, ungesema neno moja tu. Tungekuwa wawili. Majembe mawili, wanawake wawili, asingesema ni mkono."

Holo alimtazama usoni. Katika miaka saba Kashindye hakuwahi kutazamwa naye hivyo.

"Dada, kama lingekuwa langu limevunjika na lako liko darini, wewe ungesema?" Akaisogeza ndoo kwa mguu. "Shamba la mtoni likiwa linatafuta mtu? Miaka saba nachukua kilichobaki. Kila kitu wewe unaanza. Hata chumvi unaanza. Mimi nimeshawahi kuanza nini?"

Kashindye alijua kwamba asingesema. Angekaa kimya kama Holo, tena angekaa akitabasamu. Majirani wakafika, wakamkuta amesimama juu ya jabali na mpini mkononi.

*

Kesi ya pili ilisikilizwa kesho yake, wala haikuchukua muda. Mashahidi walikuwa saba. Wote walimwona Kashindye ameshika mpini, wote walimsikia akishangilia. Alipoanza kueleza habari za rangi na za kukohoa, Luhaga aliinua kiganja.

"Hili umelivunja kwenye jabali. Watu wameona. Basi na lile la kwanza ulilivunja hivyo hivyo. Mtu wa watu amechafuliwa jina la duka lake bure." Alisema hivyo kwa huzuni kidogo, kama baba. Alimwuliza Holo kama ana neno. Holo alisema hana.

Ikaamuliwa. Mbuzi jike wa Kashindye, yule mwenye mimba, aende dukani, yatoke majembe mawili mapya, kila mke apate lake, sawa kwa sawa, maana Ngosha ni mtu wa haki na asifedheheshwe. Shamba la mtoni alimalize Holo kabla ya kamba ya bwana shamba. Kashindye apewe lile la mlimani, la changarawe, ambalo tangu zamani lilikuwa la mke mdogo. Jembe la mama yake Holo alilichukua Ngosha mwenyewe, kwa sababu lake lilikuwa limeisha makali na kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumkatalia.

Jumanne wakaenda Igoma, wote watatu. Mbuzi aligoma mara mbili njiani, Kashindye akambembeleza, akamfuta pua kwa kiganja. Wakapita wanawake wengine wanaotoka dukani na majembe yao mapya mabegani, meusi, yanang'aa.

"Mwadila, Bwana Mansukh."

"Mwadila, karibu." Mansukh alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza la duka. Alimtazama Kashindye mara moja, kisha akatazama mahali pengine. Alikwenda kwenye rundo la mbele, akatoa majembe mawili, akayalaza mezani. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ubaoni chokaa ilikuwa mpya.

Kashindye alisogea mbele. Miguu yake ilisogea yenyewe, kama ilivyozoea.

"Ngoja kwanza, Mama Nkwabi," alisema Ngosha. "Leo aanze Holo. Mwenye shamba la mtoni ndiye wa kukaguliwa kwanza."

Holo alipita. Alipita karibu naye kiasi kwamba miguu ya mtoto ilimgusa mkono. Akasimama mezani, akayainamia majembe. Safari hii chapa zilikuwa sawasawa: pembe mbili na pembe mbili, hakuna iliyofutika. Kashindye aliyakagua kwa mbali akiwa nyuma ya bega la mwenzake, kichwa hadi mkia, akayaona hayana tofauti hata ya unyuzi. Alijua yalivyo ndani. Watu wawili ndani ya duka lile waliijua rangi ya uji ule, yeye na Holo, na wa tatu alikuwa nyuma ya meza akifuta miwani.

Holo hakuharakisha. Aligeuza la kulia. Akaligeuza la kushoto. Akarudi la kulia, akapitisha kidole juu ya pembe, akatabasamu kidogo, akarudi tena la kushoto. Watu waliokuwa nyuma wakaanza kuguna. Mwishowe akalinyanyua la kushoto, akaliegemeza begani.

"Nachagua mwenyewe," alisema Mansukh polepole, bila kumtazama mtu.

Kashindye alinyosha mkono, akachukua lililobaki. Lilikuwa baridi na zito. Wakatoka, mbuzi akalia nguzoni, na njia nzima hadi kijijini alitembea nyuma ya Holo, macho hayabanduki begani pale, roho ikimuuma, akiwa na hakika kwamba lile ndilo zuri.